Ng'ombe Wachache wa Mzee Luhende

Asubuhi hiyo Jovitha aliamka anaimba, na mtoto wake Koku naye akaamka anapiga makofi, ingawa hakujua anashangilia nini. Siku yenyewe ilikuwa imefika. Fremu ya duka ilikuwa imeshapakwa rangi, kibao kimeshaning'inizwa juu ya mlango, DAWA ZA MIFUGO, MBWA NA PAKA PIA, na boksi la dawa ya kuogeshea ng'ombe lilikuwa limekaa sakafuni kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

"Mama yako leo ni bosi," Jovitha alimwambia Koku huku akimfunga mgongoni. "Unasikia? Bosi!"

Koku akamvuta sikio.

Wazo la duka alilipata Mkuyuni, kule Mwanza mjini, alikokuwa akiuza kwenye duka la dawa za mifugo la Mama Wilhelmina. Mchana aliuza dawa, jioni alikwenda darasani kusomea mifugo, na mimba ya Koku ilikaa naye dawati moja mpaka siku za mwisho. Mama Wilhelmina alikuwa akisimulia kwamba zamani mtu alikuja dukani ng'ombe akishalala chini miguu juu. Siku hizi watu wanakuja kabla. Kijana wa bodaboda anaulizia dawa ya viroboto ya mbwa wake. Dada wa saluni analeta paka ndani ya kikapu cha sokoni, amemfunika kitambaa kama maandazi. Mwenye kuku wa mayai anataka ya utitiri, na wafugaji wa Magu na Misungwi wanapiga simu tangu hawajapiga mswaki. Dawa zilikuwa zinaisha kwenye rafu kabla bei aliyoiandika haijakauka wino. Jovitha akaona: hawa wanaotoka mbali hivi, kwa nini nisiwafuate?

Ndipo alipokuja hapa, kijiji cha ufukweni mbele ya Magu, ambako ng'ombe wanakunywa maji ziwani na mashamba ya pamba yanaanzia mgongoni mwa nyumba. Mume wake, Ndalahwa, alibaki Mkuyuni na kazi yake ya kuchomelea mageti. Walikubaliana: duka likisimama, atahamia. Lisiposimama, Jovitha atarudi mjini na boksi lake, na habari ya duka isitajwe tena nyumbani.

Na ili duka lisimame, kijiji kizima kilimwambia kitu kimoja: mpaka Mzee Luhende akubali. Mzee Luhende akinunua jembe la aina fulani, wote wananunua lile. Akisema mbegu hii mbovu, duka la mbegu linafungwa. Kwa hiyo Jovitha alimfuata nyumbani kwake, akapiga goti, akamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Ndiyo wewe Mhaya wa dawa?"

"Ndiyo mimi. Mzee, nataka siku ya kufungua duka nije niwaogeshe ng'ombe wako bure, watu wote waone. Kupe wasipoanguka, nifukuzeni."

Mzee alicheka. Alipenda mtu anayejiamini. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, vizuri kabisa, mpaka Jovitha alipotaka kujua dawa ya kubeba.

"Una ng'ombe wangapi, mzee?"

Mama Mhoja, mke wa mzee, alikuwa anapeta mchele. Ungo ukasimama hewani. Mzee akageuza uso akaangalia ziwani, kana kwamba swali lile waliulizwa samaki.

"Vipo kidogo tu," alisema mwishowe. "Vya kunywea maziwa."

"Kidogo kama wangapi?"

"Wachache, mwanangu. Wachache gete, kweli kabisa."

Jovitha akashukuru. Kwao Kagera, baba yake alikuwa na ng'ombe nyuma ya migomba, kila mmoja na jina lake, na ukimuuliza idadi anakutajia huku kifua kimevimba. Mtu akisema wachache, ni wachache. Akarudi, akaagiza boksi dogo.

Sasa alikuwa amelibeba boksi hilo kwenye bodaboda, bomba la kunyunyizia likiwa limelala mapajani, Koku mgongoni, kuelekea kwa huyo mzee wa ng'ombe wachache.

Watu walikuwa wamejaa. Wanawake wamekuja na viti vyao, wazee wamekaa kwenye gogo, vijana wamepanda kwenye tela la trekta. Hata Yeremia alikuwepo, muuza dawa wa mnadani, ambaye duka lake lilikuwa baiskeli na kipimo chake kizibo cha soda. Aliegemea baiskeli yake, mikono kifuani, kama mtu aliyekata tiketi ya kuangalia mpira.

"Nshomile ameingia!" alipaza sauti, kwa jina la utani wanaloitwa Wahaya waliosoma. "Mtupishe tuone vitabu vinavyoua kupe!"

"Vitabu haviui, kaka," Jovitha alimjibu akiwa anavaa glavu. "Vinasaidia kusoma maelezo ya kwenye chupa. Wewe maelezo yako yako wapi, kwenye kizibo?"

Gogo zima la wazee likacheka. Yeremia naye akacheka, maana utani ni utani.

Jovitha alimkabidhi Koku kwa Mama Mhoja, akamwomba akae naye mbali, upande ambao upepo unatoka, na kuku wote wafungiwe wasije wakadonoa kupe wenye dawa. Akajifunga kitambaa puani. Akapima dawa, akapima maji, akakoroga, akapampu bomba mpaka likaimba.

"Haya, mzee! Tufungulie!"

Mzee Luhende akavuta miti ya mlango wa boma.

Akatoka dume jeusi, akatoka jike lenye mabaka, wakafuata ndama wake. Jovitha akatabasamu nyuma ya kitambaa. Wakatoka wekundu, wakafuatana, wakasukumana. Wakatoka wa kijivu. Kisha mlango ukajaa pembe. Vumbi likapanda, kengele zikalia, na ng'ombe wakaendelea kutoka kama watu wanaotoka kanisani siku ya Krismasi, huku wengine wakiwa bado ndani wanaitikia. Lilipokwisha boma lile, mzee akaenda, taratibu, bila hata kuona aibu, akafungua la pili.

"Mawe!" Jovitha alijikuta amemwita mama yake, kwa Kihaya.

Hakuhitaji kuhesabu. Boksi lake lilikuwa halifiki hata nusu ya wale.

Watu walikuwa wanamtazama. Yeremia ndiye aliyeona kwanza. Alimtazama Jovitha, akalitazama boksi, akaangua kicheko, halafu akamsogelea akiwa ameshusha sauti, na sauti hiyo haikuwa na ubaya.

"Dada, ongeza maji. Hakuna atakayejua. Sisi wote tunaongeza. Bomba moja unalifanya matatu, kila ng'ombe analowa, mzee anafurahi, umemaliza."

Na kweli, ilikuwa rahisi hivyo. Ziwa liko pale pale, maji hayana mwisho. Kila ng'ombe angelowa, watu wangepiga makofi, duka lingefunguliwa leo leo. Jovitha aliuona mpini wa pampu mkononi mwake. Alimwona Ndalahwa akifunga karakana ya Mkuyuni na kupakia kitanda. Lakini alijua vilevile kilichokuwa kinawapata kupe wa kijiji hiki. Dawa ya kizibo, iliyojazwa maji, ilikuwa inawalewesha tu. Kupe analala, kesho yake anaamka, na safari nyingine hata halewi. Ndiyo maana watu walisema dawa zote ni zile zile. Ndiyo maana ndama wa hapa walikuwa wakifa kwa ndigana, homa inayoletwa na kupe, kila mvua zikinyesha, na watu wakasema ni bahati mbaya.

Akavua kitambaa, watu wamsikie.

"Mzee Luhende, nisamehe. Nimekosea hesabu. Dawa niliyobeba haiwatoshi."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mpunga. Mzee akakunja uso.

"Haiwatoshi? Umewaita watu wote hawa kuja kuangalia dawa isiyotosha?"

"Ninaweza kuongeza maji iwafikie wote. Ila nikifanya hivyo, kupe hawafi, na mimi nitakuwa nimekudanganya mbele ya watu. Nipe wale ambao dawa itawatosha, niwaogeshe kwa kipimo chake. Wengine tuwaache kama walivyo. Baada ya siku chache mje mpapase wenyewe, hawa na wale."

"Nusu ya ng'ombe!" mzee alifoka. "Nani amewahi kuoga mguu mmoja?"

Vijana wa kwenye tela wakacheka sana. Jovitha alihisi machozi yanamkaribia, akayameza. Alikuwa ameshaanza kuona lile boksi likirudi Mkuyuni.

Ndipo Mama Mhoja alipoinuka, Koku begani, anamung'unya ushanga wake.

"Baba Mhoja," alimwita mumewe, "wa kwangu mimi wanalala kwenye zizi lao kule chini. Waogeshwe hao."

"Wa kwako?"

"Si ndio ninaowakamua? Mimi ndiye ninayewang'oa kupe kwa vidole kila asubuhi, mpaka kucha zinanuka. Binti amesema ukweli akiwa na njaa ya kazi. Mimi ninamtaka huyo."

Mzee alipiga fimbo yake chini. Akamtazama mkewe, akatazama watu, akatazama ziwani tena.

"Basi," alisema. "Wa Mama Mhoja waoge. Wangu watatazama."

Wakatengwa. Jovitha akafanya kazi ile kana kwamba anamwogesha mwanawe. Alianza kichwani akashuka, akanyunyiza ndani ya masikio, chini ya mkia, kwapani, katikati ya kwato, kote kunakojificha kupe ambako mwenye haraka hafiki. Ng'ombe wa Mama Mhoja walikula bomba mbili na kidogo. Chupa ambazo hazikufunguliwa akazirudisha kwenye boksi. Watu walitawanyika wakiwa hawajui wacheke au wasubiri, na Yeremia akapanda baiskeli yake akipiga kengele njia nzima.

Jovitha alinawa kwa sabuni mpaka viwikoni, akabadilisha nguo na khanga, ndipo akampokea mtoto.

Jioni akampigia simu Ndalahwa, akamsimulia yote. Kule upande wa pili akasikia mwanaume anacheka mpaka anakohoa.

"Ulimuuliza mzee wa Kisukuma ana ng'ombe wangapi? Jovitha! Mbele ya mke wake?"

"Sasa nilipimeje dawa?"

"Ng'ombe hawatajwi idadi, mke wangu! Ukiwataja wanapungua. Babu yangu aliulizwa na watu wa serikali akasema hana, na wakati huo wamekaa kivulini kwa fahali wake. Akikwambia wachache, jua ni wengi. Akikwambia hana kabisa, kimbia ukalete lori."

"Na wewe hukuniambia!"

"Ningejuaje kama utauliza?"

Akacheka tena, na Jovitha naye, pamoja na wasiwasi wake, akacheka mpaka Koku akashtuka.

Siku zilizofuata alifungua duka kila asubuhi na kufuta vumbi kwenye chupa ambazo hazikuwa na vumbi. Alibandika bei. Alipanga vidonge vya minyoo vya mbwa mahali vinapoonekana, na kila mpita njia akachungulia akauliza, "Mbwa naye anameza vidonge? Na chai anakunywa?" wakaondoka wanacheka. Mteja wa kweli alikuwa mama mmoja tu aliyekosea mlango, akitafuta dawa ya wadudu wa pamba.

"Shamba letu ni bomba tano," alisema waziwazi, kabla hata hajaulizwa. "La shemeji yangu ni bomba nane, yeye ana uwezo."

"Ya pamba sina, mama. Duka la pili hapo."

Yule mama akaenda zake. Jovitha akabaki ameshika tama. Bomba tano, bomba nane. Kitu kilimgusa kichwani kama nzi, kikaruka.

Asubuhi ya Jumamosi alisikia kengele. Alidhani ni Yeremia na baiskeli, lakini kengele zilikuwa nyingi na zilikuwa na kwato. Akatoka mbio nje, Koku kiunoni.

Mzee Luhende alikuwa anakuja katikati ya barabara ya senta, amevaa koti lake la sherehe, anaswaga ng'ombe wa Mama Mhoja. Pembeni yao, likiwa limefungwa kamba, lilikokotwa lile dume jeusi ambalo halikuogeshwa. Nyuma yao kijiji chote. Mama Mhoja alikuwa mbele ya wanawake, anatembea kama bibi harusi.

"Papaseni!" mzee aliamuru. "Nisiseme mimi. Papaseni wenyewe!"

Mikono ikaingia masikioni mwa ng'ombe, chini ya mikia, kwapani. Kwa dume jeusi watu walitoa vidole haraka: kupe walikuwa wamejaa, wamevimba, wanang'aa kama mbegu za nyonyo. Kwa ng'ombe wa Mama Mhoja walitafuta na kutafuta. Aliyepata kupe alipata aliyekauka, mwepesi kama pumba, ukimgusa anadondoka.

"Huyu hana!" mtu alipiga kelele.

"Na huyu hana!"

"Hata kwenye kwato! Njoni muone kwenye kwato!"

Vigelegele vikapasuka. Mama Mhoja alinyoosha vidole vyake juu, watu wote wavione. "Kucha zangu!" aliita. "Leo ninakula ugali kwa mkono bila kunusa!" Jovitha alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, na Koku, aliyekuwa akingojea nafasi hiyo tangu siku ya kwanza, akapiga makofi.

Mzee Luhende alisogea mpaka mlangoni mwa duka. Watu wakampisha.

"Binti, wale wangu waliotazama sasa wanataka kuoga. Nipe dawa."

"Wabeja sana, asante mzee! Nikupe ya..."

Akafungua mdomo. Neno "wangapi" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, limevaa viatu, liko tayari kutoka. Kijiji kizima kilimwona. Mama Mhoja alifumba macho. Na hapo, yule nzi aliyeruka kichwani mwake siku ile akarudi, akatua.

"Mzee," Jovitha alisema taratibu, "wa Mama Mhoja walikula bomba mbili na kidogo. Wewe ulikuwepo, uliona. Mimi sikuulizi kitu kingine. Kwako wewe... unaona ni bomba ngapi?"

Mzee Luhende alimtazama. Kisha uso wake ukafunguka polepole, kama boma lile la pili.

"Bomba?" alisema. "Aa, bomba nitakutajia. Bomba si kitu." Akahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. "Nipe za bomba kumi na mbili."

Watu wote wakainua macho wakaangalia mawingu, kila mmoja akijitahidi kabisa asigawanye wala kuzidisha.

"Hapana," mzee alijirekebisha. "Kumi na tano."

Kikohozi kikasikika kutoka kwenye kundi la wazee. Halafu kila mtu akaanza kusema kwa pamoja.

"Mimi bomba tatu!"

"Mimi nne, na mbuzi nusu bomba!"

"Niandikie sita, ila ya mwisho iwe ya mama mkwe!"

Walizisema kwa sauti kubwa, kwa fahari, watu ambao wangekatwa vidole kabla hawajataja idadi ya mikia yao. Yeremia alipenya katikati ya watu, baiskeli begani.

"Nshomile, sikiliza. Wewe una dawa, mimi nina magurudumu. Vijiji vya huko juu wananijua. Nipe nikawauzie."

"Kwa kipimo?"

"Kwa kipimo."

"Na kizibo?"

Yeremia akakitoa mfukoni, akakitazama mara ya mwisho, akampa Koku achezee. Jovitha akakichukua haraka kabla hakijafika mdomoni, akakitupa shimo la taka, na watu wakacheka mpaka ng'ombe wakageuka kutazama.

Dawa iliyokuwepo iliisha kabla jua halijafika utosini. Watu walipopungua, Mzee Luhende alibaki amesimama karibu na rafu, anajifanya kusoma bei. Akakohoa.

"Na hivi... vidonge vya mbwa," alisema, sauti chini. "Si kwamba ninaamini. Lakini kuna mlinzi wangu pale nyumbani, siku hizi anajikuna sana, anakonda. Nimpe na chai?"

"Na kipande cha nyama, mzee. Ufiche kidonge ndani."

"Nyama!" Mzee alitikisa kichwa, lakini kidonge akakifunga kwenye leso vizuri, akakiweka mfuko wa ndani wa koti.

Jovitha akapiga simu Mkuyuni. Alikuwa amekaa juu ya boksi tupu, Koku amelala mapajani, jasho la mtoto limelowesha khanga yake. Mzee alikuwa bado mlangoni, anangoja kusikia dawa itafika lini.

"Mama Wilhelmina, shikamoo. Imeisha. Yote! Nahitaji mzigo leo, na mwambie Ndalahwa apande na hilo gari, aje na kitanda."

"Marahaba, mwanangu! Nilijua!" Mama Wilhelmina alipiga kelele mpaka simu ikakwaruza. "Sasa niambie nipange. Hicho kijiji kina ng'ombe wangapi?"

Jovitha alinyanyua macho. Mzee Luhende alikuwa anamtazama, fimbo imesimama, sikio limesogezwa.

Jovitha akageuza uso, akaangalia ziwani.

"Vipo kidogo tu, mama," alisema. "Vya kunywea maziwa. Lete gari kubwa."